Presha ya macho: Upasuaji wa kawaida wawa hatari kwa jicho dogo

MTU aliyevaa tangu utotoni miwani yenye vioo vinene, vile vinavyoyafanya macho yake yaonekane makubwa kwa anayemtazama, anapofikisha miaka 40 au 50 na kuambiwa kuwa ana presha ya macho, hudhani atatibiwa kama jirani yake mwenye ugonjwa huo huo. Sivyo. Upasuaji uliowanusuru wagonjwa wengi duniani unaweza kulipofusha jicho lake.

Wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Hali yao huitwa nanofthalmosi, yaani jicho lenye viungo vyake vyote lakini ambalo halikukua kufikia kimo chake. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 23 hadi 24 kutoka mbele hadi nyuma. Jicho hilo huishia kwenye milimita 20 hivi, na mengine huwa mafupi zaidi. Mtu huzaliwa na hali hiyo, na mara nyingi huirithi katika ukoo.

Jicho ni dogo, lakini lenzi iliyomo ndani yake ina ukubwa wa kawaida, au hata kuzidi. Ni kama kabati la sebuleni lililoingizwa katika chumba cha stoo. Jicho hutengeneza maji yake wakati wote, na maji hayo hutoka kupitia pembe nyembamba iliyo kati ya kioo cha mbele cha jicho na ile sehemu yenye rangi. Lenzi huzidi kunenepa kadiri umri unavyosogea. Katika jicho finyu huisukuma mbele sehemu hiyo yenye rangi hadi pembe ikaziba. Maji yakikosa njia, presha hupanda na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa. Ndiyo maana ugonjwa huwapata wengi wao ukubwani, ilhali macho yao yalikuwa madogo tangu kuzaliwa.

Hatari ya upasuaji, hata hivyo, haitokani na lenzi. Inatokana na ukuta mweupe wa jicho, ambao kwa wagonjwa hawa ni mnene kupita kiasi. Mishipa inayotoa damu ndani ya jicho hupita katika ukuta huo na kubanwa, nao ukuta wenyewe hauruhusu majimaji kupenya kwa urahisi.

Mwaka 1968, daktari John Cairns wa Cambridge, Uingereza, alieleza upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji chini ya kifuniko chembamba cha ukuta wa jicho. Upasuaji huo, trabekulektomi, ungali ukitumika sana. Katika jicho la kawaida, presha ikishuka ghafla baada ya kutobolewa, kwa kawaida jicho hustahimili. Katika jicho dogo, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina huvimba kwa majimaji yasiyo na pa kutokea, retina hubanduka, na wakati mwingine damu huvuja humo ndani. Presha imeshuka kama ilivyokusudiwa, lakini uoni umepotea.

Aliyeufuatilia mkasa huo kwa makini ni daktari Robert Brockhurst wa Boston, Marekani, katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 alichapisha njia ya kuupunguza ukuta huo pale mishipa inapopita ili damu itoke bila kubanwa. Miaka mitatu baadaye, daktari mwingine wa Marekani, J. Donald Gass, alionyesha kuwa si lazima kuigusa mishipa yenyewe, kazi ambayo ni ngumu na yenye hatari zake. Inatosha kukata madirisha katika ukuta, kwa kuondoa sehemu ya unene wake, ili majimaji yapenye.

Kutokana na hayo, madaktari wengi hawaanzi na kisu. Hutumia kwanza mionzi ya leza kutoboa tundu dogo kwenye sehemu yenye rangi ya jicho. Matone hutumika pia, ingawa pilokapini, dawa ya siku nyingi ya presha ya macho, inaweza kuisogeza lenzi mbele zaidi na kuongeza msongamano.

Hayo yasipotosha, wengi huona afadhali kuondoa lenzi yenyewe kuliko kutoboa njia mpya ya maji, kwa kuwa ndiyo iliyojaza chumba. Presha hushushwa kwanza kwa dawa, tundu la upasuaji huwa dogo, jicho haliachwi kunywea hata kidogo, na inapobidi madirisha ya ukuta hukatwa kabla au wakati huo huo. Lenzi ya bandia inayowekwa huwa na nguvu isiyo ya kawaida, pengine 40 au zaidi, wakati wagonjwa wengi wa mtoto wa jicho huwekewa ya 20 hivi. Hata kwa uangalifu wote huo, hatari haiondoki kabisa.

Barani Afrika, presha ya macho iliyo ya kawaida zaidi ni ile ambayo pembe haikuziba, na ni rahisi kwa jicho dogo kuhesabiwa katika kundi hilo lisipopimwa. Kipimo chenyewe si kigumu. Ni altrasaundi ya jicho, ile ile inayotumika kuchagua lenzi ya mgonjwa wa mtoto wa jicho, nayo huchukua dakika chache. Huonyesha urefu wa jicho, na mashine nyingine huonyesha pia unene wa ukuta.

Anayeandaliwa kwa upasuaji huku akivaa miwani ya kukuza yenye nguvu nyingi ana haki ya kuuliza jicho lake lina milimita ngapi. Aliyepata madhara katika jicho moja amwambie daktari kabla la pili halijaguswa, kwa sababu kwa kawaida kuta zake zote mbili hufanana. Ndugu zake wa damu nao wanafaa kupimwa, hata kama hawajalalamika.