Nyonga Mpya, Misuli ya Zamani: Kurudi Mazoezini Baada ya Upasuaji wa Kubadilisha Nyonga

Mgonjwa aliyebadilishwa nyonga anaporejea nyumbani, mapokezi huwa ya upendo. Kitanda kimetandikwa karibu na mlango, chai inaletwa hapo alipo, na kila jirani anayekuja kumjulia hali huondoka akiacha agizo lilelile: “Tulia, usijichoshe, mguu upone kwanza.” Maneno hayo hutoka moyoni, na katika maradhi mengi yana busara. Katika upasuaji huu, hata hivyo, yakifuatwa kupita kiasi yanaweza kumnyima mgonjwa kile hasa alichokifuata hospitalini, yaani uwezo wa kutembea wima bila maumivu. Chuma, kauri na plastiki havipati nguvu kwa kulala. Kinachopaswa kupata nguvu ni mwili unaovizunguka, na mwili huo hujengeka kwa kutumiwa.

Kinachobadilishwa na kisichobadilishwa

Nyonga ni kiungo chenye sehemu mbili: kichwa cha fupa la paja, kilicho duara kama mpira, na kikombe cha mfupa ambamo kichwa hicho huzunguka. Sehemu zote mbili zimefunikwa na gegedu laini linalozuia msuguano. Gegedu likilika, au kichwa cha fupa kikifa kwa kukosa damu, mfupa husuguana na mfupa. Maumivu hushika kinena na paja, na hatua hufupika. Katika upasuaji, kichwa kilichoharibika hukatwa na kuondolewa. Mahali pake huwekwa tufe la chuma au kauri, lililoshikizwa kwenye mhimili unaoingia ndani ya fupa la paja, na kikombe kipya ambacho mara nyingi huwa na bitana ya plastiki ngumu.

Msingi wa upasuaji huu kama unavyofanyika leo uliwekwa na daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Vikombe vyake vya kwanza vilitengenezwa kwa Teflon, vikalika ndani ya miaka michache na kuwarudishia wagonjwa maumivu. Mwezi Novemba 1962 alianza kutumia plastiki ya aina nyingine iliyo imara zaidi, na matokeo yakabadilika kabisa. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala iliyouita upasuaji wa kubadilisha nyonga kuwa ni upasuaji wa karne.

Pamoja na sifa hizo, kuna jambo ambalo kisu cha mpasuaji hakiwezi kulitenda. Mtu aliyechechemea kwa miaka mitatu au mitano amekwisha kupoteza misuli mingi ya makalio na ya kando ya nyonga. Misuli hiyo ya kando ndiyo inayoshikilia kiuno kisiangukie upande mmoja kila mguu mmoja unapoinuliwa. Upasuaji huchukua saa moja au mbili na kuondoa chanzo cha maumivu, lakini misuli hubaki vilevile ilivyokuwa asubuhi ya siku hiyo, tena ikiwa na jeraha jipya. Ndiyo maana wapo wanaokuja kliniki miezi sita baadaye wakisema kwamba maumivu yamekwisha ila bado wanachechemea. Nyonga yao ni mpya, misuli ni ya zamani.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi kwetu

Ulaya na Marekani, mgonjwa wa kawaida wa upasuaji huu ni mzee ambaye gegedu lake limelika kwa umri. Kusini mwa Jangwa la Sahara sura ni tofauti. Daftari la taifa la viungo bandia la Malawi, lililoanzishwa mwaka 2005, limeonyesha kwamba sababu kuu ya kubadilisha nyonga huko ni kufa kwa kichwa cha fupa la paja kwa kukosa damu. Hali hii huweza kuletwa na selimundu, matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, unywaji wa pombe kupita kiasi, au jeraha la zamani. Wengi wa waathirika bado wamo katika umri wa kufanya kazi, na wenye selimundu wanaweza kuwa vijana wa miaka ishirini au thelathini.

Kijana huyo anadaiwa mambo mawili yanayoonekana kupingana. Anapaswa kujenga mwili wake upya ili arejee shambani, dukani au darasani. Na papo hapo anapaswa kuitunza nyonga bandia idumu miaka mingi. Uchambuzi wa takwimu za madaftari ya mataifa, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba takribani nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu kwa miaka 25. Aliyebadilishwa akiwa na umri wa miaka 30 huenda akahitaji upasuaji wa pili, ambao kwa kawaida ni mgumu kuliko wa kwanza. Mazoezi yaliyochaguliwa vyema humtimizia madai yote mawili.

Siku za kwanza

Mgonjwa wa kawaida husimamishwa siku ileile ya upasuaji au siku inayofuata, akishikilia fremu ya kutembelea au magongo. Akiwa kitandani huinua na kushusha nyayo zake mara kumi katika kila saa anayokuwa macho, ili damu isigande kwenye mishipa ya miguu. Hukaza misuli ya paja kwa kusukuma goti lielekee godoro, huhesabu hadi tano na kulegeza. Hukaza makalio vivyo hivyo. Kisha huvuta kisigino taratibu kuelekea kwenye makalio, bila kukunja nyonga kupita pembe mraba.

Kabla ya kuruhusiwa kuondoka hospitalini, yapo maswali mawili ambayo kila mgonjwa anapaswa kumuuliza mpasuaji wake. La kwanza: nyonga ilifikiwa kwa kupitia upande gani? Aliyefanyiwa kwa kupitia nyuma kwa kawaida huagizwa asiikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu na asielekeze vidole vya mguu ndani, kwa muda wa wiki sita hadi kumi na mbili. Aliyefanyiwa kwa kupitia mbele huwa na tahadhari nyingine, hasa kuhusu kupeleka mguu nyuma na kuuzungusha nje, na baadhi ya wapasuaji siku hizi hulegeza masharti haya. La pili: mguu uruhusiwe kubeba uzito kiasi gani? Wengi huruhusiwa kuukanyagia tangu mwanzo, lakini si wote.

Nyumba na mwili unaopona

Vijitabu vingi vya ushauri vimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye sofa na choo cha kukalia. Nyumba zetu nyingi zina mkeka, kigoda na choo cha kuchuchumaa, na hapo ndipo nyonga mpya inapojaribiwa. Kuchuchumaa hukunja nyonga mbali kupita pembe mraba. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kikawekwa juu ya choo cha shimo. Kanuni ni moja kwa kiti cha aina yoyote: mtu akiketi, magoti yake yawe chini kidogo ya usawa wa nyonga.

Mbuzi ya kukunia nazi ipewe mapumziko katika miezi hiyo, kwa kuwa anayeikalia huwa chini sana, tena ameinama mbele. Ufagio mfupi wa chelewa ufungwe kwenye mpini mrefu. Godoro lisitandikwe sakafuni. Anayeswali anaweza kuswali ameketi kitini, akiinama kwa kiasi tu katika rukuu na sijida, hadi atakaporuhusiwa kurudi chini. Kandambili zinazoteleza zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Bodaboda iepukwe, kwa ajili ya namna ya kuipanda na zaidi kwa ajili ya hatari ya kuanguka.

Katika wiki hizi sita za mwanzo, zoezi kuu ni kutembea. Dakika tano zikirudiwa mara tatu au nne kwa siku zina faida kuliko safari moja ndefu inayomlaza mtu siku mbili. Kila baada ya siku chache dakika mbili tatu huongezwa. Uwanja wa shule au barabara iliyo tambarare, asubuhi kabla ya jua kali, hufaa kuliko mchanga wa ufukweni. Penye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliofanyiwa upasuaji hutangulia kushuka.

Anapoacha magongo mawili na kubaki na mkongojo mmoja, wengi hukosea kwa kuushika upande wa mguu unaouma. Mkongojo hushikwa mkono wa upande wa pili, ili mkono usaidiane na misuli dhaifu ya nyonga kukiinua kiuno. Usiachwe kwa kuona haya. Kutembea wima na mkongojo kunafundisha misuli mwendo sahihi. Kutembea bila mkongojo huku mtu akiyumba kunaikomaza ile tabia ya kuchechemea.

Miezi mitatu na kuendelea

Jeraha likishapona na mpasuaji akiridhika, kazi ya kujenga nguvu huanza kwa bidii. Mgonjwa husimama akishika meza nzito au nondo za dirisha, akainua mguu kando, kisha nyuma, bila kuinamisha kiwiliwili. Husimama kutoka kitini bila kutumia mikono. Hupanda na kushuka kipandio kifupi. Hutembea upande upande kama kaa. Kila zoezi hurudiwa mara nane hadi kumi na mbili, kwa mafungu mawili au matatu, na ugumu huongezwa misuli inapozoea.

Kipo kipimo rahisi ambacho asili yake ni daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg, aliyekieleza mwaka 1895. Mtu husimama kwa mguu uliofanyiwa upasuaji pekee, huku mwenzake akimtazama kwa nyuma na akiwa tayari kumshika. Mkanda wa suruali au ukingo wa kanga ukibaki sawa, misuli ya kando inafanya kazi. Ukishuka upande wa mguu ulioinuliwa, misuli bado ni dhaifu na mkongojo usiachwe. Nguvu hii huchukua muda kurudi; kwa wengi huendelea kuongezeka hata baada ya mwaka mzima.

Maumivu ni mwongozo pia. Uchovu wa misuli unaokwisha kufikia asubuhi inayofuata ni wa kawaida. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake, au yanayomfanya mtu achecheme zaidi, yanamwambia apunguze, si aache kabisa. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha kabla na baada ya zoezi, apumzike mara kwa mara, na asifanye zoezi katika joto kali wala akiwa na homa.

Michezo ipi, na kazi ipi

Wagonjwa kadhaa huko Ujerumani waliwekewa nyonga bandia zenye vihisio ndani yake, na vipimo vyao vimetoa funzo kubwa. Katika kutembea kwa kawaida, nyonga hubeba karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 175 hadi 210 kwa kila hatua. Kukimbia polepole huufikisha mzigo takribani mara tano, na kujikwaa ghafla huweza kuupandisha zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo, kutembea kwa kasi, kuogelea baada ya jeraha kupona kabisa, kuendesha baiskeli yenye kiti kilichoinuliwa, na ngoma za mwendo wa taratibu ni mazoezi yanayofaa kwa karibu kila mtu. Mpira wa miguu, netiboli, kuruka kamba na mbio ndefu kwa kawaida havishauriwi. Ni kweli kwamba Andy Murray, mcheza tenisi wa Uingereza, alishinda mashindano ya Antwerp mwezi Oktoba 2019, miezi tisa tu baada ya upasuaji wa nyonga. Lakini yeye hakukatwa kichwa cha fupa, bali kilivishwa kofia ya chuma. Naye alikuwa mwanariadha aliyezungukwa na wataalamu kila siku. Mfano wake unatia moyo, ila haufai kuwa kipimo.

Mkulima naye ana uwanja wake. Jembe la mpini mrefu humpunguzia kuinama. Ndoo ya maji ianze ikiwa nusu, na mizigo mizito igawanywe kwa safari nyingi.

Dalili zisizosubiri

Mazoezi yasitishwe na hospitali ifuatwe mara moja endapo ndama ya mguu itavimba na kuuma, pumzi itakata au kifua kitachoma ghafla, kwa kuwa huenda damu imeganda. Ndama iliyovimba isichuliwe wala kukandwa. Hali kadhalika, homa, usaha au wekundu unaozidi kwenye jeraha ni dalili za maambukizi. Maumivu makali ya ghafla, pamoja na mguu kuonekana mfupi au kupinda upande, huashiria kuteguka. Asitafutwe mtu wa kuuvuta mguu nyumbani. Maumivu mapya ya kinena au paja, hata yakija baada ya miaka mingi ya utulivu, yanahitaji picha ya eksirei.

Jamaa wanaomzunguka mgonjwa wana nafasi kubwa katika safari hii. Badala ya kumletea kila kitu kitandani, wanaweza kumsindikiza hadi kwenye mwembe na kurudi, na wiki inayofuata hadi kwa jirani. Methali husema kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa mwenye nyonga mpya, maneno yote mawili ya mwanzo yana uzito: aende, na aende pole.