Dakika ya Kwanza ya Mtoto Mchanga

Iyunga, kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, haiko mbali na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Umbali ni kilomita chache tu. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kilomita hizo ni nyingi mno, kwani msaada wapaswa kumfikia ndani ya dakika ya kwanza. Na katika zahanati za milimani, kama zile za Rungwe na Ileje, safari ni ndefu zaidi. Basi uhai wa mtoto huyo umo mikononi mwa mkunga aliye kando ya kitanda, wala si mwa daktari bingwa aliye mjini.

Mkunga afanye nini? Kwanza humkausha mtoto kwa kitambaa safi na kumkinga na baridi, ambayo katika Nyanda za Juu si haba. Ute ukiwa umeziba njia ya hewa, huuondoa, kisha humsugua mgongo. Asipopumua bado, humfunika kinywa na pua kwa barakoa na kumsukumia hewa kwa mfuko wa mkono, mara 40 hivi kwa dakika, huku akitazama iwapo kifua kinainuka. Mapafu ya mtoto aliye tumboni hujaa majimaji. Pumzi za kwanza ndizo ziyaondoazo na kuipa hewa nafasi yake. Hewa ikikosekana, mapigo ya moyo hupungua na ubongo huanza kudhurika.

Ujuzi huu waweza kufundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mwanasesere. Je, hudumu? Swali hilo lilichunguzwa katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu. Mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi 7 baadaye walifanya vizuri walipojaribiwa kwa mwanasesere, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi ilikuwa karibu ile ile ya awali.

Ndipo utaratibu ukabadilishwa. Tangu mwaka 2011 watumishi walifanya mazoezi mafupi papo hapo kazini, dakika 3 hadi 5 kila juma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Zaidi ya hayo, watoto waliohitaji mfuko wa hewa walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosuguliwa na kuondolewa ute wakiongezeka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto asiyepumua haonekani kila siku katika zahanati ndogo, na jambo lisilotendwa mara kwa mara husahaulika. Kisu kisichonolewa hushika kutu. Aidha, dharura haimpi mtu nafasi ya kufungua kitabu. Mkono hauna budi kujua kazi yake kabla ya akili kushikwa na hofu.

Kwa hiyo semina moja mjini na cheti ukutani havitoshi, iwe Iyunga au milimani. Mwanasesere na mfuko wa hewa vikae juu ya meza ya chumba cha kuzalishia, na zamu zinapopokezana, kila mkunga avishike kwa dakika chache. Dakika hizo ndizo zitakazomfaa mtoto ambaye hana zaidi ya dakika moja ya kusubiri.