Kasi Mkononi mwa Mkerezaji: Kuboresha Kerezo Dogo katika Karakana ya Kawangware 46

Anayeshuka katika kituo cha Kawangware 46, mahali palipopata jina kutokana na nambari ya njia ya matatu, hakawii kusikia misumeno na nyundo za maseremala. Vitanda, viti na kabati huanikwa kando ya barabara vikingoja wanunuzi. Baadhi ya samani hizo zina miguu ya mviringo yenye mabonde na vifundo. Kazi ya kuuzungusha mti huku patasi ikiukata namna hiyo huitwa kukereza, na chombo chenyewe ni kerezo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kerezo dogo linavyoweza kuboreshwa kwa mota ya kasi badilifu, na kwa nini jambo hilo ni la manufaa kwa fundi.

Kukereza si ufundi mgeni kwa Waswahili. Vitanda vya kale vya Lamu vilisifika kwa miguu iliyokerezwa. Kerezo la jadi liliendeshwa kwa uta: mkono mmoja uliuvuta na kuusukuma, kamba ikauzungusha mti, na mkono wa pili ukaongoza patasi. Kazi hiyo ilichosha, ila ilikuwa na fadhila moja: kasi ilikuwa mkononi mwa fundi mwenyewe. Mti ukitikisika, alipunguza mwendo papo hapo.

Umeme ulimwondolea fundi uchovu, lakini ulimnyang'anya pia uwezo huo. Nchini Kenya, umeme wa nyumbani ni wa volti 240 na masafa ya Hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mota ya kawaida yenye ncha 4 za sumaku hufuata masafa hayo na kuzunguka takriban mara 1,450 kwa dakika, iwe kazi ni ndogo au kubwa.

Tatizo ni nini? Tuchukue mfano. Mguu wa kiti wenye kipenyo cha sentimita 5, ukizungushwa mara 1,450 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya patasi kwa mwendo wa mita 228 kwa dakika. Bakuli la kipenyo cha sentimita 30, kwa mizunguko iyo hiyo, ukingo wake hupita kwa mita 1,367 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kilomita 82 kwa saa, unaozidi kikomo cha kilomita 80 ambacho vidhibiti mwendo viliwekewa matatu na sheria za Michuki mwaka wa 2004. Gogo lenye ufa au lisilosawazishwa likichomoka kwa mwendo huo, laweza kumpofusha fundi au kumuua. Ili ukingo wa bakuli hilo uende kwa mwendo wa ule mguu wa kiti, mizunguko yapaswa kushuka hadi 242 hivi kwa dakika.

Njia ya kwanza ya kubadili kasi, nayo ndiyo rahisi, ni puli za ngazi. Fundi huzima mota na kuuhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine. Gharama ni ndogo, ila kasi zinazopatikana ni chache, na kazi husimama kila mara.

Ipo pia njia ya mkato inayopaswa kuepukwa: kuifunga mota hiyo kwenye swichi ya kupunguzia kasi ya feni. Mota nyingi za njia moja zina koili ya kuanzishia mwendo, ambayo hukatwa na swichi ya ndani mota ikishapata kasi. Kasi ikishuka mno, swichi hiyo hujifunga tena, koili ikabaki na umeme hadi ikaungua.

Njia iliyo bora ni kuweka mota ya njia tatu pamoja na kigeuza masafa. Kifaa hiki hupokea umeme wa njia moja, hukigeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha huunda upya umeme wa njia tatu wenye masafa anayoyataka fundi. Masafa yakiwa Hezi 25, mota huzunguka takriban nusu ya kasi yake. Aghalabu kifaa hiki hakitoi volti zaidi ya zile kinazopokea. Kwa hiyo mota ichaguliwe ambayo yaweza kuunganishwa kwa volti 230 kwa mtindo wa pembetatu.

Hata hivyo, puli zisitupwe. Mota inayokwenda polepole mno hupata joto, kwa kuwa feni yake nayo imepunguza mwendo. Puli zikigawa kasi kwa mbili, mota itakwenda kwa Hezi 16 na kerezo litazunguka mara 230 hivi, bila kuipunguzia mota mwendo kupita kiasi.

Tahadhari ni muhimu. Waya wa ardhi usikosekane. Kigeuza masafa kikingwe dhidi ya vumbi la mbao, ila kipate hewa. Kikizimwa, kapasita zake hubaki na umeme kwa dakika kadhaa, hivyo kisifunguliwe mara moja. Aidha, mota isigeuzwe kuzunguka kinyume, kwani kishikio cha parafujo chaweza kulegea na kutoka. Kila kazi ianze kwa kasi ya chini.

Wahenga walinena kuwa polepole ndio mwendo. Mkerezaji angeongeza: kwa gogo pana, naam, kwa mti mwembamba, la. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba kitenzi kukereza kilichotumika kwa uta chatosha pia kwa mota. Msamiati wa ufundi tunao. Ulio haba tuutafute kwa kuwatembelea mafundi. Maelezo ya usalama yakiandikwa kwa lugha anayoielewa fundi wa Kawangware, huenda yakaokoa jicho au kidole chake.