Si Kila Anayeweweseka ni Mgonjwa wa Akili

Fahamu ni hali ya mtu kuwa macho na kutambua mahali alipo na wakati. Umakini ni uwezo wa kuelekeza fikra kwenye jambo moja. Viwili hivi vikivurugika ndani ya saa au siku chache, hali hiyo huitwa deliriamu: mgonjwa huweweseka, hushindwa kutaja siku za juma kinyumenyume, hutulia kisha huchanganyikiwa tena. Chanzo huwa mwilini: malaria kali, sukari kushuka, maambukizi au kuacha pombe ghafla. Skizofrenia, ambayo ni ugonjwa wa akili, aghalabu huanza taratibu, na fahamu hubaki timamu. Ndugu mwananchi, anayeweweseka ghafla asifungiwe ndani hadi kupambazuke. Afikishwe kituo cha afya mara moja.