Niliruti simu, nikamzika baba mara ya pili!

MSOMAJI wangu, hivi unajua kuwa simu uliyoinunua kwa jasho lako si yako peke yako? Usicheke. Na mimi nilicheka, mpaka yaliponikuta.

Simu yangu ilikuja na makorokoro kibao: magemu, matangazo, programu ambazo hata kazi yake siijui. Ukitaka kuzifuta, hazifutiki. Memori kila siku imejaa. Jirani yangu akaniambia, "Hiyo dawa yake ni kuiruti tu. Nenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey."

Basi bwana, Jumamosi nikatinga Kariakoo. Fundi, kijana mchangamfu kweli kweli, akaipokea simu kwa mikono miwili. "Mzee, nusu saa tu. Utaitawala mpaka mwenyewe ushangae!"

Kweli, nikarudishiwa simu nyepesi, makorokoro yote kwisha. Nikalipa, nikaondoka natembea kwa madaha.

Usiku mama Asha akaniomba tusikilize sauti ya marehemu baba. Mzee alipokuwa anaumwa nilimrekodi akisimulia habari za ukoo wetu, dakika ishirini na ushee. Nikatafuta. Hakuna kitu! Picha hakuna, sauti hakuna. Mama Asha akaniangalia tu, asiseme neno. Nilijiona kama nimemzika baba mara ya pili.

Nikampigia fundi. "Mzee, si ulitaka kuruti? Ukifungua butiloda lazima ifute kila kitu." Sasa mbona hakusema mapema?

BAWABU WA SIMU

Butiloda, ndugu yangu, ni bawabu. Huamka mapema unapowasha simu, akakagua kama mfumo unaofuata ni ule wa kiwandani. Ukitaka kuruti, yaani kushika mamlaka yote mpaka kwenye mizizi, kwa kawaida huanza na kumwondoa bawabu. Na simu nyingi za Android, kufuli lake likifunguliwa, zinafuta kila kilichomo. Si ukorofi huo. Ni ili mwizi asifungue simu yako na kusoma siri zako.

Mvutano huu wa nani mwenye simu ni wa siku nyingi. Mwaka 2008, simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilikutwa na kasoro ya ajabu: maneno uliyoandika yalipokewa pia kama amri za mkuu wa mfumo. Ukimwandikia mwenzio neno la Kiingereza la kuwasha upya, simu inajizima na kujiwasha! Mwaka 2018 Huawei waliacha kabisa kuwapa wateja namba za kufungulia butiloda. Na mwaka 2022 Google waliapdeti Pixel 6 kwenda Android 13, ikawa hairudi tena kwenye 12. Ukishapanda, ngazi imeondolewa.

PIGO LA PILI

Miezi miwili baadaye likaja tangazo: apdeti mpya ipo tayari. Mimi huyo, nikabonyeza. Simu ikawaka salama, lakini mamlaka yangu yakayeyuka, na makorokoro yakarudi.

Nikarudi kwa yule yule. Akachukua faili lake la zamani, akalipachika. Weee! Simu ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka, ikazima. "Mzee, hii bodi imekufa. Leta laki moja."

Nikatoka nimenywea. Kibanda cha tatu nikamkuta binti amekaa na kompyuta yake.

"Shikamoo mzee. Naomba niione."

"Marahaba mwanangu. Wanasema bodi imekufa."

Akatabasamu. "Bodi nzima hii. Amekuwekea faili la buti la toleo la zamani kwenye mfumo mpya. Haviivi chungu kimoja."

Akasoma namba ya toleo, akashusha programu ya kiwandani yenye namba ile ile, akatoa faili la buti na kulirudisha. Simu ikaamka, na safari hii hakuna kilichopotea. Nilitamani kumkumbatia!

Nikamwomba anifundishe. Akahesabu kwa vidole.

Kwanza, bekapu kabla fundi hajagusa simu. Pili, faili la buti liwe na namba sawasawa na ya mfumo ulio ndani ya simu. Tatu, simu nyingi za sasa zina vyumba viwili vya mfumo. Unakaa kimoja, apdeti inaandaliwa kingine. Kama umeruti kwa Magisk, kwanza rudisha faili asili, kisha weka apdeti, lakini usiwashe upya. Rudi kwenye Magisk, iweke kwenye kile chumba kingine, ndipo uwashe. Hapo unahama na mamlaka yako.

Nne, usirudishe kufuli la butiloda mfumo ukiwa umechezewa. Bawabu akikuta faili geni, anagoma kufungua mlango.

Tano, bonyeza *#06# kabla na baada ya kazi, namba za IMEI zibaki zile zile. Unakumbuka Juni 2016 TCRA walipozima simu feki? Simu iliyopoteza namba zake haina raha mjini.

"Na mzee," akamalizia, "programu yoyote ikiomba mamlaka ya mizizi nawe ukakubali, inaweza kusoma chochote. Umemfukuza bosi mmoja, usikaribishe kumi."

Hapo nikaelewa kwa nini programu ya benki yangu ilikuwa inakataa kufunguka. Pesa ya simu kwa kubonyeza nyota na namba ilikuwa inaenda, maana ile inapita kwenye laini.

Nikamwambia anirudishie simu ya kiwandani. Tukafanya bekapu kwanza, maana kurudisha kufuli nako kunafuta. Yale makorokoro? Mengi yalizimika kule kwenye mipangilio, bure, bila kuruti!

Sauti ya baba haikurudi. Lakini binamu yangu wa Morogoro alikuwa na ujumbe mmoja ambao mzee alimtumia, sekunde arobaini, anamwuliza kama mahindi yamekomaa. Nimeutunza sehemu tatu.

Wewe je, ya kwako umeitunza wapi? Leo usilale kabla hujaangalia. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.