Udongo Ukipasuka, Mvua ya Kwanza Inapita Wapi?

Kila anayefyatua matofali Katanika anajua jambo hili: tofali likikauka linapungua. Ukilirudisha kwenye kile kisanduku cha mbao, utaona nafasi pembeni. Shamba lenye udongo wa mfinyanzi linafanya vilevile wakati wa kiangazi. Tofauti ni kwamba shamba haliwezi kujikunja lote pamoja, kwa hiyo linapasuka.

Ndani kunatokea nini? Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, hazifiki milimita 0.002, na nyingi ni bapa kama vipande vya karatasi. Katikati yake kuna matundu yenye maji. Maji yakitoka, chembe zinasogeleana, matundu madogo yanazidi kubanwa, na nafasi iliyopotea inatokea upande mwingine kama ufa. Maji yanayobaki ndani ya bonge yameshikwa kwa nguvu sana. Ukiligusa unaweza kusikia ubaridi, lakini mzizi wa mahindi hauwezi kuyavuta.

Sasa mvua ya kwanza inanyesha. Watu wanasema: "Twende tupande!" Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 20 kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 ni lita 2,000, sawa na bidoni 100 za lita 20. Ni maji mengi, lakini sehemu kubwa inaweza kuteremka moja kwa moja ndani ya nyufa. Chini kunalowa, na juu, pale mbegu ilipo, bonge linalowa ngozi tu. Mbegu inapata maji ya kuamka, haipati ya kuishi. Jua likiwaka wiki moja, imekufa, na gunia limepungua.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda:

1. Angalia nyufa. Mfinyanzi ukinywa maji unavimba taratibu, na nyufa zinajifunga. Kama bado ziko wazi, subiri mvua nyingine.

2. Chukua bonge, livunje. Kama katikati ni kavu, bado.

3. Usilime udongo unaonata kwenye jembe. Miguu na jembe vinaziba matundu makubwa ya hewa, na ukikauka unakuwa tofali kweli.

4. Baada ya kuvuna, usichome mabua na majani. Yatandaze juu ya udongo: jua halitaukausha haraka, na yakioza yanasaidia chembe zishikane kuwa vibonge vidogo vyenye nafasi ya maji na hewa.

Nyufa zenyewe si adui. Udongo ukikauka na kulowa mara kwa mara, mabonge makubwa yanavunjika yenyewe, na hiyo ni kazi ambayo jembe halikufanya. Hasara ni kupanda kabla hazijajifunga.

Mkutano ujao, kila mmoja alete bonge moja la shamba lake. Tutayavunja pamoja tuone ya nani yako tayari.