Jedi ya Garsen Imefinyangwa kwa Udongo

Ukisikia hazina za wafalme wa China, akili inaruka moja kwa moja hadi Beijing. Unawaza jedi, lile jiwe la kijani lililo gumu ajabu. Kisu cha chuma hakiliwezi, kwa hivyo mafundi walilisaga polepole kwa mchanga mkali na maji mpaka likatoa joka, kikombe au pete. Kaisari Qianlong, aliyetawala 1735 hadi 1796, alilipenda hadi mashairi yake yakachorwa juu yake.

Sasa rudi hapa Garsen. Panda gari hadi Witu, kisha kata kuelekea Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Karibu na hapo kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wa kale. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale miaka ya 1950, na kati ya vitu alivyotoa ni vigae vya vyombo vya China.

Cheki vile vya kijani. Vinaitwa seladoni, na ni kama jedi ya udongo. Wafinyanzi wa Longquan, mkoa wa Zhejiang, walitaka bakuli lifanane na jiwe la wakubwa. Walilipaka rojo yenye chuma kidogo, wakalichoma kwenye tanuri lililonyimwa hewa, likatoka kijani laini. Vyombo hivyo vikavuka Bahari ya Hindi, mkono kwa mkono wa wafanyabiashara, hadi huku kwetu. Wengine waliamini sahani ya seladoni ikitiwa sumu hupasuka!

Najua swali lako: nikiokota kigae, napata doo ngapi? Tulia kwanza. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895. Tena kigae chenyewe hakisemi mengi. Ni pale kilipolala, kina gani, kando ya ukuta upi, ndipo wataalamu wanajua nani aliishi hapo na lini. Ukishakitia mfukoni, hiyo habari imekufa.

Kwa hivyo ukikiona, kipige picha, kiache palepale, halafu waarifu Makavazi ya Kitaifa. Na wale wazee wa Kipini, waulize habari za Ungwana kabla hujauliza intaneti.